Nani Aubebe Moto wa Saumu

Niwieni radhi, jamaa zangu, na mniwie radhi mapema, maana hadithi hii nitaiharibu. Aliyenisimulia mimi aliisimulia vizuri, hata kuku waliacha kudonoa wakasikiliza. Mimi nikiisimulia, kuku huondoka. Nitakohoa pale pa kucheka, nitacheka peke yangu pale pa kunyamaza. Tena nina ugonjwa wa kuomba radhi ndefu kuliko kosa lenyewe, na kwa ugonjwa huo pia naomba radhi. Basi. Aliyekaa na akae vizuri, na anayetaka kuondoka aniachie mkeka.

Hapo zamani, katika mji wa Ndarawe, alikuwako mwanamke akiitwa Saumu, kiongozi wa ngoma ya lelemama. Ndarawe ulikuwa mji usiolala na njaa ya maneno. Jua likizama ngoma zinaanza, kahawa inamiminwa, watu wanajibizana mashairi barazani. Saumu akiinua sauti, hata waliokuwa wakigombana hunyamaza, wakamalizia ugomvi wao baada ya kiitikio.

Saumu akaolewa na Mbwana, mtu wa Bondeni, kule kwenye mpunga na ng'ombe. Walipendana, na hilo ndilo lililoleta shida. Wasingependana, kila mtu angekaa kwao.

Kwanza walikaa mjini. Mbwana akanyong'onyea. Alfajiri anaamka kutafuta ng'ombe wa kukamua, haoni ila paka wa jirani, na paka hakukubali. Mchana anasimama dirishani akiwauliza wapita njia kama huko Bondeni mvua imenyesha. Alikonda mpaka ikawa kanzu ndiyo inayomvaa yeye.

Wakahamia Bondeni. Mbwana akanenepa, Saumu akanyong'onyea. Jioni ikifika hakuna kitu ila giza na vyura. Akaiimbia mihogo, mihogo haiitikii. Akawaimbia vyura, vyura wakaitikia, lakini kila mmoja kwa wakati wake. Siku moja Mbwana akamkuta mkewe amepanga vibuyu mstari mmoja, anavifundisha kiitikio. Hapo akajua mambo yameharibika.

Wakazungumza, wala hawakugombana. Saumu alisema anataka nyumba ambayo jioni ataisikia ngoma ya Ndarawe na kuifuata kwa miguu bila kufungasha chakula cha njiani. Mbwana alisema anataka nyumba ambayo alfajiri atasikia kengele za ng'ombe wake. Wakakubaliana mbele ya jamaa wa pande zote mbili. Nyumba kama hiyo ikipatikana, na moto ukaingia ndani yake kabla masika hayajashika, watakaa humo mpaka wazeeke. Isipopatikana, kila mtu atarudi kwao kwa heshima, bila kutupiana maneno. Saumu aliitikia kichwa kikiwa juu. Kisha akaenda uani akatwanga mpunga ambao ulikuwa umeshatwangwa.

Sasa hapa lazima niwaeleze desturi, la sivyo mwisho wangu hautaeleweka, na mimi mwisho ndio pekee ninaoukumbuka vizuri. Watu wa pande zile hawakuhamia nyumba mpya mpaka moto wake wa kwanza uletwe kutoka jiko la zamani, makaa ndani ya kigae. Mwenye nyumba haubebi mwenyewe. Mke humchagua mtu mmoja, si wawili, akampa kigae mlangoni, na mtu huyo akaingia nacho. Tangu hapo huitwa mwenye moto, na ana chumba katika nyumba ile maisha yake yote. Hafukuzwi, hata akikoroma.

Wa kwanza kujitokeza kuwatafutia mahali pa nyumba alikuwa Kombo, kaka yake Saumu, mpiga ngoma wa Ndarawe. Kombo hakuwa na kwake. Pale ngoma ilipowekwa ndipo alipolala. Aliwaomba wenzake wapige ngoma mjini kama kila jioni, akamwomba shemeji yake awachunge ng'ombe Bondeni, yeye akapanda kilima kilicho katikati. Akawa anatembea amenyosha shingo kama kanga. Hatua mbele, anapoteza ng'ombe. Hatua nyuma, anapoteza ngoma. Watu waliokuwa wakirudi kutoka kukata kuni walimcheka, akawaomba wacheke polepole, wanamharibia kazi. Jioni nyingi zilipita hivyo, mpaka akapata mahali pamoja tu, penye upana wa nyumba moja. Akachomeka kijiti, akateremka mbio.

"Dada, nimepapata," alisema. "Sikio la kulia ngoma, sikio la kushoto ng'ombe. Ukigeuka, vinabadilishana."

Lakini Kombo hakuwa ameuliza pale ni pa nani. Kijiti alikichomeka chini ya mpopoo wa Bi Mize, mama yake Mbwana, na juu ya mpopoo ule ulitambaa mtambuu alioupanda marehemu mumewe. Bondeni nzima walitafuna tambuu ya Bi Mize. Walikuja kuomba majani wakakaa, wakapasha habari, wakaomba tena. Ndiyo ilikuwa baraza yake, ndiyo ilikuwa heshima yake.

Bi Mize akakataa. Alisema nchi ni pana, waende wakasikilize pengine. Kombo akajaribu pengine, hakupata. Mawingu yakaanza kukusanyika, na Bi Mize anatafuna tu. Ndipo asubuhi moja akamwona mwanawe anaufunga mkeka wa Saumu, tayari kumrudisha mjini. Anaufunga, anaufungua. Anaufunga, anaufungua. Yule mama akaingia ndani, akatoka na panga, akapanda kilimani. Hakukubali kusaidiwa. Aliukata mtambuu kwa mkono wake, akauangusha na mpopoo, akarudi.

"Jengeni," alisema. "Na asinijie mtu tena kuniomba jani."

Akaitwa Fundi Ngwali. Huyu alikuwa fundi wa kuta. Fito zake hazikuonekana, udongo wake haukupasuka, na unene wa ukuta wake watu walikuja kuupima kwa mkono, wakatikisa kichwa. Alijenga kama mafundi wote wa Ndarawe walivyofunzwa: mlango wa mbele uko huku, wa uani uko kule, kati yao ukuta, ili mpita njia asichungulie vyungu vya watu. Akaezeka, akapiga lipu, akafagia. Akamwita Saumu na mumewe waingie wasikilize, tena waliingia wakati mzuri, ng'ombe wanarudi na ngoma zimeanza.

Hawakusikia kitu. Walikaa kimya, wakashika pumzi, wakakaa tena. Kuta zilikuwa nzuri mno; ngoma ilikuja mpaka nje ikarudi, kengele nayo hivyohivyo. Ukimya ule ungemfaa sana maiti. Kombo alikuwa amesikiliza nje, amesimama, na katika watu wote wale hakuna aliyekumbuka kwamba nyumba ina ndani. Saumu alishika ukuta kwa viganja viwili, kama mtu anayesukuma mlango, akauacha. Mbwana alitoka mlangoni. Aliangalia mawingu tu.

Fundi Ngwali akakaa juu ya ndoo yake. Akauangalia ukuta wa katikati, ambao ndio uliokuwa bora kuliko zote alizowahi kujenga. Kisha akachukua mtaimbo akautoboa. Akatoboa tundu la mlango, mlango wa mbele ukatazamana na wa uani, hewa ikapita, na ngoma ya Ndarawe ikaingia kwa mbele na kengele za Bondeni zikaingia kwa nyuma, zikakutana sebuleni kama wageni wanaopeana mkono. Saumu akakaa chini sakafuni.

Kesho yake mji mzima ulikuwa na habari. Ngwali kajenga zumari, walisema. Nyumba ya kuchungulia. Unapita njia unajua watu wamepika nini. Mafundi wenzake walikuja kwa makusudi wasimame mbele ya mlango, waulize kama mchuzi umeiva. Na tangu siku ile hakuna aliyemwita kazi.

Ikafika siku ya moto. Mawingu yameshuka mpaka unaweza kuyashika. Saumu akapanda kutoka Bondeni na kigae cha makaa, amekikinga kwa upande wa kanga, na Mbwana nyuma yake amebeba ule mkeka. Mlangoni akawakuta watatu wamesimama, kila mmoja amenawa mikono.

Kombo alianza. "Dada, kuta zinajengwa popote, na mashamba yako kila upande. Mahali ni pale pamoja tu, na nilipapata mimi. Bila masikio haya ungekuwa unaifundisha mihogo. Tena wao wana kwao. Mimi nalala juu ya ngoma."

"Mkamwana," akasema Bi Mize, "masikio kila mtu anayo, hata mbuzi. Huyu ametoa nini? Mimi nimekata kitu cha marehemu kwa mkono wangu. Sasa naomba tambuu kwa watu niliokuwa nikiwapa, na wananipa yale majani ya chini."

Fundi Ngwali hakuwa mtu wa maneno. "Mama mwenye nyumba, hao wamekupa mahali," alisema. "Mahali hapana paa. Nilikujengea nyumba nzuri, haikukufaa. Nikauvunja uzuri wake, ikakufaa. Tundu lile ukutani ndilo jina langu."

Kombo akasema fundi anadai shukrani kwa kuutibu ugonjwa aliouleta mwenyewe. Fundi akasema ugonjwa uliletwa na mtu aliyepima nyumba kama atakayeishi nje amesimama. Bi Mize akawauliza wote wawili kama wanajua wanatukaniana juu ya shamba la nani. Kombo akamkumbusha kwamba shamba hilo alilinyima mpaka mawingu yakaja, na laiti angelitoa mapema wasingekuwa hapa wanakimbizana na mvua. Bi Mize akatema tambuu pembeni, kwa adabu.

Saumu alisimama na kigae chake. Akimpa kaka yake, atamwambia nini mama aliyekata mtambuu? Akimpa mama mkwe, ameweka mavyaa wa maisha katika nyumba ambayo mnong'ono wa sebuleni unafika uani ukiwa mzima. Akimpa fundi, amemleta mgeni ndani na kuwapita damu yake na damu ya mumewe. Na asipompa mtu, moto haukuingia, na mkeka ule uliofungwa utateremka upande mmoja wa kilima na yeye, Mbwana upande wa pili.

Alimgeukia mumewe. Mbwana, mama yake huku, shemeji yake kule, na nyuma yake mtu mwenye mtaimbo, hakuwa na sauti katika jambo lile kwa desturi, na wala hakuitafuta. Aliuweka mkeka chini ya upenu usilowe.

"Mpe umtakaye, mke wangu," alisema. "Ila umpe."

Tone la kwanza likaanguka juu ya kigae, kaa moja likalia chwii. Kutoka mjini ngoma ilikuwa imeanza. Kutoka Bondeni kengele zilikuwa zinapanda. Saumu akanyosha mkono.

Je, nani alistahili kupewa ule moto? Kombo aliyepata mahali na hakuuliza ni pa nani, Bi Mize aliyetoa alichokipenda lakini akachelewa kukitoa, au Fundi Ngwali aliyekosea vizuri kisha akajivunjia jina kurekebisha kosa lake? Semeni, tena semeni upesi, maana mvua inaongezeka na makaa yanageuka meusi. Na yakizimika kabla hamjaelewana, msimlaumu Saumu, wala wale watatu. Nilaumuni mimi, niliyeyamaliza makaa ya watu kwa kuomba radhi pale mwanzo.