Mfagiaji wa Kichwani mwa Bi Mashavu

Hapo zamani, wala si zamani ya mbali, palikuwa na mji ndani ya kichwa cha Bi Mashavu, msukaji mikeka. Kila jina alilolijua lilikuwa na nyumba yake mle, na nyumba kubwa kuliko zote ilikuwa ya jina la bintiye, Mwanakheri. Mnacheka? Hata vichwani mwenu umo mji, ingawa wengine mitaa ni mitupu.

Mfagiaji wa mji alikuwa Makame, naye hakuwa na macho. Mlangoni pake alikaa Kinusi, mlinzi mwenye pua. Desturi ilikuwa moja: Kinusi asiponusa taka na kumwita, Makame hagusi ufagio. Nyumba za majina ni laini, na kipofu akifagia kwa kubahatisha atabomoa.

Sasa, Kinusi alizaliwa na pua nzito. Taka za kunata zikaanza kurundikana kwenye nyumba ya Mwanakheri. Jina likakohoa humo ndani.

"Kinusi, pana taka?" akauliza Makame.

"Sina hakika."

Jina likakohoa tena.

"Kinusi, pana taka?"

"Sina hakika bado."

Moyo ukamuuma Makame, lakini akakaa, ufagio mapajani.

Huko nje, Bi Mashavu akaanza kusitasita. "Mwana... Mwana nani vile?" Mwanakheri akampeleka kwa daktari, wakarudi na Dawa. Dawa ikaingia mjini kwa kishindo, ikamzibua Kinusi pua. Loo! Akanusa taka za miaka yote kwa mpigo.

"Taka! Taka! Fagia!"

Makame akafagia kwa uchungu wote wa kungoja. Mji ukatakata. Ndipo akapapasa pale palipokuwa na nyumba ya Mwanakheri, akakuta sakafu tupu: nyumba imefagiwa pamoja na taka. Makame akalia.

"Msinitazame mimi," akasema Kinusi. "Sikukuita nisije nikaizulia uchafu nyumba iliyo hai. Na pua hii sikuichagua."

"Mimi nilizibua pua tu," ikasema Dawa. "Bila mimi mji mzima ungefukiwa."

Makame akajifuta machozi. "Nilipokaa nilifuata desturi, nilipofagia nilifuata desturi. Lakini kikohozi nilikisikia."

Siku ile Bi Mashavu alisuka ukili wa mkeka ulionyooka, kazi iliyokuwa imemshinda muda mrefu. Akaikumbuka njia ya kisimani. Akawakumbuka majirani, hata wale wasiopenda kukumbukwa. Kisha akamgeukia Mwanakheri, aliyekuwa amemshikia ncha ya ukili.

"Ahsante, binti. Una mkono mzuri. Mama yako nani?"

Mwanakheri akaikaza ile ncha.

Haya, nyinyi mliokuwa mkicheka, mjibuni nyinyi: Mwanakheri amdai nani jina lake, Kinusi, Dawa, au Makame?