Karanga Iliyobaki

Paukwa!
Pakawa!
Pakawa nini?
Pakawa karanga uwanjani, na mwenye tumbo kazitolea macho.

Hapo kale mvua zilikataa, wanyama wadogo wakavuna karanga haba. Msemaji wao alikuwa Bi Sange, yule mnyama wa mwili wa panya na pua ndefu. Akaja Nyani, mwenye nguvu na meno, akadai karanga zote ni zake kwa kuwa yeye ndiye mlinzi wa shamba. Shamba lenyewe hakuwahi kulilinda.

Sange akawakumbuka wanawe waliokuwa na njaa. Akasema kwa adabu, "Mzee, watu wasije wakasema umetunyang'anya. Zipange mafungu sawasawa: mbili mbili, tatu tatu, hivyo hivyo mpaka kumi kumi. Zikitimia hata mara moja, zote zako. Kila mara ikibaki moja, utuachie."

Nyani akaona amekwisha shinda. Akaapa kwa kaburi la babu yake, wanyama wote wakisikia.

Akapanga mbili mbili, chaka, chaka, chaka. Ikabaki moja.

Akapanga tatu tatu, chaka, chaka, chaka. Ikabaki moja.

Nne nne, ikabaki moja. Tano tano, ikabaki moja. Sita, saba, nane, tisa, jasho linamtoka, na moja iko pale pale. Akafika kumi kumi. Chaka. Ikabaki moja.

Nyani akaketi chini kama aliyeona kuku ana meno. Akauliza huo ni uchawi gani.

"Si uchawi, Mzee. Nilitafuta idadi isiyogombana na yeyote, tangu mbili mpaka kumi. Ni elfu mbili mia tano na ishirini. Nikaongeza moja. Zilizozidi tulizila jana."

Nyani hakuamini. Akaondoa moja, akapanga upya. Saba saba, zikatimia. Nane nane, zikatimia. Tisa tisa, zikatimia, naye akacheka peke yake kama mtoto. Kisha akabeba gunia mwenyewe mpaka kwa Sange, njiani akiuliza: je, na kumi na moja naye akitaka kutimiziwa?

Sange akamwambia zitahitajika elfu ishirini na saba, mia saba na ishirini, na hilo ni shamba kubwa.

Nyani akaomba jembe.

Hadithi yangu ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa chungu, niachieni mwenyewe. Na funzo lake, wanangu, ni hili: hesabu si kazi bure. Hata mwenye meno makubwa ana haja ya kuhesabu.