Vikapu Kumi vya Shangazi Namkunda

Mzigo wa kupokewa haukazi goti. Mmenisikia nikimwambia mwenzenu Elihaki maneno hayo leo asubuhi, aliporudi kutoka mazoezini bila hata tone la jasho. Anajiandaa kwa usaili wa uaskari, ambako watamkimbiza milimani mpaka ajute kuzaliwa, naye kipande kibaya cha mlima amekipanda kwa bodaboda ya rafiki yake, kisha akashuka kukimbia pale kanisani palipo tambarare. Nilipomwambia mkacheka wote, halafu mkaniuliza maneno hayo yametoka wapi. Hayakutoka kitabuni. Nilikuwepo yalipotamkwa mara ya kwanza, tena mimi ndiye niliyeambiwa. Kaeni basi, wajukuu zangu, na mwenye simu aizime.

Chanzo chake ni hiki. Nilikuwa na mwaka mmoja tu tangu niolewe hapa Mkanyeni. Jirani yetu wa karibu alikuwa Namkunda, shangazi wa mume wangu, mjane ambaye watoto wake walikuwa wamehamia mbali. Alikuwa na shamba la tangawizi chini ya mfereji. Halikuwa kubwa, lakini ukilitazama tu ulijua kwamba mwenyewe hapendi mchezo. Mwaka huo aliteleza kwenye tuta akikata majani ya ng'ombe, akavunjika mguu chini ya goti. Akafungwa plasta ngumu, akakaa nayo mpaka tukazoea kumwona kizingitini. Ilipotolewa, mguu ulikuwa umekonda na goti halina nguvu. Mganga wa zahanati alimwambia mfupa umeunga vizuri, kilichobaki ni kuuzoeza mguu kazi, taratibu, kila siku, na kwamba dawa ya hilo hana.

Sasa, ndiva yetu mnaijua, lile bwawa la udongo pale juu linalokusanya maji usiku na kufunguliwa asubuhi, kila nyumba kwa zamu yake. Kabla ya kiangazi tunafanya msaragambo, kazi ya kijiji kizima, kuziba kuta zake. Kila mwenye zamu hupandisha vikapu kumi vya udongo wa mfinyanzi kutoka bondeni, kwa kichwa chake mwenyewe. Kumtuma mtu hairuhusiwi, wala kumlipa. Wazee walipanga hivyo ili mwenye watumishi wengi asije akaijaza ndiva kwa shingo za watu, kisha akadai maji yote ni yake.

Mwenyekiti wa ndiva alikuwa Mzee Mnzava, mtu mpole kuliko watu wote niliowahi kuwaona wakipewa cheo. Aliitisha mkutano, akamgeukia Namkunda kwa sauti ya kubembeleza. "Mama, wewe pumzika. Zamu yako tutampa mwingine mwaka huu, na chakula hutakosa. Kila nyumba itakuletea."

Watu wakaitikia, wengine kwa machozi. Msidhani walikuwa wanataka maji yake. Huruma yao ilikuwa ya kweli, na hiyo ndiyo ilikuwa shida.

"Ahsanteni," akasema Namkunda. "Lakini shamba la tangawizi likikauka mwaka mmoja, mbegu inakufa. Mwaka wa pili nitakuwa sina cha kumwagilia, na zamu hamtanirudishia, kwa sababu haitakuwa na kazi. Nitakula kwenu mpaka nife. Msaragambo uko miezi mitatu mbele. Niachieni zamu yangu hadi siku hiyo. Nisipofikisha vikapu kumi, mpeni mnayemtaka."

Wakakubali, ila hakuna aliyeamini. Hata mimi sikuamini, nisiwadanganye.

Kesho yake akaanza. Alisuka ngata ya majani makavu ya mgomba, akaiweka kichwani, akajitwika kikapu chenye udongo wa viganja vichache tu, akaushika mlima. Mpango wake ulikuwa kuongeza viganja viwili kila baada ya siku tatu, na kila juma afike kona moja juu zaidi. Mpango mzuri. Tatizo lilikuwa sisi.

Mnajua desturi yetu. Ukikutana na mkubwa wako njiani amebeba kitu, unamwamkia, na mkono unakwenda kwenye mzigo kabla hata hajaitikia. "Shikamoo shangazi, lete nikupokee." Na mkubwa hakatai. Akikunyima mzigo wake, maana yake ana kinyongo na wewe au na waliokuzaa, na maneno hayo yatafika nyumbani kabla yako. Basi Namkunda akitoka na kikapu chake, hapiti nyumba tatu hajapokewa. Leo nampokea mimi, kesho mke wa fundi seremala, keshokutwa wanakwaya wanaotoka mazoezini. Anafika ndiva mikono mitupu, tunamwaga udongo, tunamsifu, anarudi. Mimi nilikuwa hodari wa kumpokea kuliko wote. Nilikuwa mke mgeni na nilitaka kusifiwa.

Baadaye alikuja kuniambia jambo ambalo wengine wangelificha. Alisema mwanzoni ilimuudhi, lakini baada ya majuma mawili akajikuta anasubiri. Goti likimuuma asubuhi, anaketi kwanza, anatega sikio, mpaka asikie sauti za wanawake wanaopanda kutoka gulioni, ndipo ajitwike. Alijua watampokea penye kona ya kwanza. Jioni anahesabu: leo pia nimefika ndiva. Alikuwa hadanganyi mtu mwingine ila nafsi yake, na nafsi ni rahisi sana kudanganyika, haidai ushahidi.

Majuma sita yakapita hivyo. Ikatokea siku ya mazishi kijiji cha pili, watu wote wakaenda. Mimi nilibaki na mama mkwe aliyekuwa na homa. Mchana nikatoka kutafuta kuni, nikamkuta Namkunda ameketi kwenye kona ya pili, mguu ameunyoosha, kikapu kimepinduka na udongo umetapakaa. Alikuwa analia. Sikuwahi kumwona akilia, hata siku ile alipovunjika.

"Umeumia, shangazi?"

"Sijaumia. Goti limeishiwa hapa. Kona ya pili, Nanzia. Majuma sita, na limeishiwa kona ya pili."

Nikafanya nilichojua kufanya. Nikakusanya udongo, nikaurudisha kikapuni, nikakiinua kikapu ili nijitwike. Akakishika ukingo.

"Kiache."

"Shangazi, nimekukosea nini?" Nilidhani nimeharibu jambo, na nyumba yangu changa itasemwa.

"Hujanikosea. Mmenipenda, na mimi nikapenda kupendwa." Akajifuta macho kwa kanga. "Ila mzigo wa kupokewa haukazi goti, mwanangu. Miguu iliyopata nguvu ni yenu ninyi mliobeba. Ungeutazama wangu ungeona."

Nikamuuliza anataka nimsaidieje, maana kumwacha peke yake mlimani nisingeweza, moyo ungenisuta.

"Tembea nyuma yangu," akasema. "Nikianguka, niinue. Kikapu usikiguse, hata nikikuomba. Hasa nikikuomba."

Kikapu akakipunguza mpaka viganja vya siku ya kwanza kabisa, akaanza upya. Nikafuata nyuma, mikono nimeifunga mgongoni ili isinisaliti.

Kwenu ninyi wa leo hilo ni jambo dogo. Wakati ule, mke kijana mwenye afya kumfuata bibi anayechechemea na mzigo, yeye mikono mitupu, lilikuwa jambo la kutemewa mate. Watu wakaanza kusimama njiani. "Huyu ndiye mliyetuletea?" walimuuliza mama mkwe. Wakinyoosha mkono kumpokea Namkunda, mimi ndiye niliyekuwa nawazuia, "Samahani, shangazi anabeba mwenyewe," nao wakazidi kuniona sina adabu. Mama mkwe alininyamazia siku tisa. Alinipa chakula bila kunitazama. Nililia, tena si mara moja, na nilitaka kuacha kabla ya Namkunda kutaka kuacha.

Maana naye alitaka. Asubuhi moja ya manyunyu nilimkuta kitandani, amejifunika gubigubi. Akasema goti limekakamaa kwa baridi, tutakwenda kesho. Nikaketi chini, kwa sababu na mimi nilifurahi. Tukakaa hivyo muda, tunasikiliza mvua. Halafu akaanza kuitafuta ngata yake.

"Si umesema kesho?"

"Nimekosea kuliuliza goti," akasema akiinuka. "Goti ukiliuliza kama linataka, litakwambia halitaki. Mimi siliulizi swali hilo tena." Tukatoka. Siku hiyo tulifika kona ya tatu, tukarudi tumelowa chapachapa. Tangu hapo kila alfajiri nilimkuta tayari mlangoni, amenuna, lakini tayari. Msifikiri alikwenda kwa furaha. Siku za furaha zilikuwa chache sana. Siku nyingi alikwenda tu.

Viganja viwili kila siku ya tatu. Kikapu kikafika nusu, kikafika ukingoni. Majuma sita yaliyobaki yakaisha.

Siku ya msaragambo, wenye nguvu walimaliza vikapu vyao kumi kabla ya jua kukolea, wakakaa juu ya ukuta wa ndiva wakila makande. Namkunda alipandisha vinne, akapumzika. Akapandisha cha tano na cha sita. Cha saba kilimchukua muda mrefu mpaka Mzee Mnzava akatuma mtu atazame kama yu hai. Cha nane na cha tisa alivipandisha akihesabu hatua kwa sauti, na mimi nyuma, mikono mgongoni, natamani ardhi inimeze. Jua lilikuwa limeshaanza kuteremka, na hakuna aliyekuwa amerudi nyumbani kwake.

Cha kumi kilipotokeza kwenye kona ya mwisho, goti lilikuwa linatetemeka waziwazi. Zilibaki kama hatua ishirini, mlima ukiwa umesimama wima. Akasimama. Nikasikia pumzi yake. Mzee Mnzava hakuweza kuvumilia. Aliruka kutoka ukutani, mzee wa watu, macho yamemjaa machozi, akashuka mbio na mikono yote miwili mbele kumpokea. Angekigusa kikapu kile, sheria ya ndiva ingekuwa imevunjwa, na zamu imekwenda, naye ndiye angelazimika kuitoa.

Aliyemzuia alikuwa mama mkwe. Alikuwa amekaa karibu na njia, akaudaka mkono wa koti la mwenyekiti, akaushika.

"Mwache, Mzee," akasema, lakini alikuwa ananitazama mimi. "Mzigo wa kupokewa haukazi goti."

Kumbe alikuwa ameyasikia. Namkunda alikuwa amemwendea, siku ile ya tisa, akamweleza kila kitu, na mimi sikuambiwa na yeyote. Nikajua ni kwa nini chakula cha siku ya kumi kilikuwa na nyama.

Mzee Mnzava akarudisha mikono yake nyuma, akaifunga. Waliokuwa ukutani nao wakafanya hivyo hivyo, mmoja baada ya mwingine, hata wanaume wazima, kama watu wanaojizuia kuiba. Namkunda akapiga hatua. Akapiga nyingine. Zile ishirini alizipiga zote, akafika, akainama mwenyewe, akamwaga udongo wake kwenye ufa, akaukanyaga kwa mguu ule ule uliovunjika.

"Jumatano," akamwambia mwenyekiti, pumzi zikimkatika. "Zamu yangu ni Jumatano."

"Ni Jumatano, mama," akasema Mzee Mnzava, na hapo ndipo alipolia.

Tangawizi ile mbegu yake ipo mpaka leo, nusu ya mashamba ya hapa yamepandwa mbegu iliyotoka kwake. Lakini sikuwasimulia kwa ajili ya tangawizi. Wako watakaowapenda, wajukuu zangu, na watawanyooshea mikono kwa moyo mweupe. Washukuruni. Halafu mwambieni anayewapenda atembee nyuma, na ninyi mpande. Mzigo wa kupokewa haukazi goti.