Ukili wa Mvunguni

Mwanamke mmoja, Kazija, alikuwa na mama, fundi wa mikeka, aliyeitwa Bi Mboja. Alisuka mpaka uzeeni, kisha usahaulifu ukamwingia kama mchwa, kimya kimya. Leo kasahau chumvi, kesho kasahau mlango. Mwisho akamtazama bintiye huyo, akamuuliza, "Wewe mtoto wa nani?" Kazija akaona bora angepigwa kofi.

Wakaja watu wawili kutoka mjini, kutafuta kumbukumbu za wazee kama yeye. Mmoja fundi, kaunda kofia ya nyaya inayosikiliza kichwa bila kukipasua, lakini kichwa chenyewe hakijui. Wa pili daktari, kichwa anakijua kama kiganja chake, ila hakuwa na pa kuchungulia. Miaka mingi kila mtu kivyake, mpaka walipokubali kushona pamoja. Wakamvisha bibi kofia. Kwenye kioo cha mashine yao, giza. Wakarudia, giza vilevile.

Sasa Kazija alijua jambo. Kila alfajiri vidole vya mama yake vilisuka hewa. Hakumwambia mtu. Mtaa ungesema mzee kapagawa, na ya nyumbani, tulivyofundwa, hayatoki nje. Hata ukili wa mwisho, ule utepe wa kushonea mkeka, ulioachwa nusu na miyaa, majani ya kusukia, ikining'inia, kausukumia mvunguni mwa kitanda mtu asiuone.

Wale wawili wakaanza kukunja nyaya zao waondoke. Hapo moyo ukamshinda. Akaingia mvunguni, akatoka na vumbi kichwani na ukili mkononi, akawaeleza yote.

Ukili ukawekwa mapajani mwa bibi. Vidole vikaupapasa, vikaujua. Jamani! Kwenye kioo pakawaka cheche hapa, nyingine kule, zikaitana, zikajibizana, kama vijiji vinavyowasha taa wakati wa magharibi. Fundi kashika mdomo. Daktari, mtu mzima yule, kavua miwani akifuta macho, akisema Subhanallah. Kazija akakaa chini, akachukua miyaa, akauendeleza ukili pembeni ya mama yake kama utotoni.

Bibi akauangalia ule ukili. Akakunja uso.

"Kazija, umeruka mwaa hapo. Fumua."

Hakupona, la. Ila jina la mwanawe lilikuwamo humo siku zote, likingoja kupigiwa hodi.

Ukili mmoja haulaliwi, wanangu; mkeka ni kili nyingi zilizoshonwa pamoja. Je, wewe wako umeuficha mvungu gani?