Marobota Yenye Mimba

Nina kisa kibichi!
— Kianike tukione!
Na kikikauka?
— Tugawane!

Basi sogeeni. Hapo kale, wanyama wa bonde moja walikubaliana kukata nyasi mapema, wazifunge marobota, wapate cha kula kiangazi kitakapochoma kila kitu. Digidigi alikata, fyu, fyu, fyu. Kobe alikata, fyu... akapumzika... fyu. Bi Pimbi, mkazi wa mwambani, alikata huku watoto wake wachanga wamemng'ang'ania mgongoni.

Mzee Nyati hakukata. Mzee Nyati alikuja na pembe zake.

"Zifungeni sasa hivi!"

"Mzee, umande haujakauka," alisema Kobe. "Tungoje jua lipande."

"Jua likipanda nyasi zinakuwa nyepesi. Mimi nataka marobota mazito. Kaza!"

Wakakaza.

"Kaza tena!"

Wakakaza tena, kamba zikalia kwi, kwi. Kisha Nyati akayabeba yote, akayapanga bandani kwake hadi paani, akajilaza mlangoni. Wenzake hawakubakiwa hata na unyasi wa kuchokolea meno.

Watoto wa Pimbi walilia. Angeweza kulia nao, lakini Pimbi alikuwa na ugonjwa wake: hakuweza kupita karibu na kitu asichokijua bila kukigusa. Alipopita nyuma ya banda la Nyati alisikia harufu tamu, kama ya tumbaku iliyovundikwa. Akanusa. Akagusa. Akapenyeza mkono kwenye ufa wa ukuta mpaka ndani ya robota.

"Ala!"

Robota lilikuwa na joto. Pimbi alilijua joto, maana maisha yake yote aliota jua juu ya mawe. Lakini humo bandani hamkuwa na jua. Sasa joto hili limeingilia wapi? Nani kaliwasha? Alikwenda na swali hilo kichwani hadi kwake, akalala nalo, akaamka nalo.

Kesho yake akarudi. Akanusa. Akagusa. Akapenyeza mkono, akauchomoa mbio. Mvuke ulitoka nyuma yake, fuuu, kama wa sufuria ya viazi. Ndipo akaanza kuelewa. Unyevu ulikuwa umefungiwa ndani, haupati pa kutokea, na joto linapanda. Likiendelea kupanda, banda litawaka, na bonde zima litalamba majivu.

Akamwendea Nyati. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Unataka nini?"

"Marobota yalifungwa na umande. Yanachemka. Tuyafungue tuyaanike kabla hayajawaka."

Nyati akacheka hadi vumbi likaruka. "Umeona wapi maji yakawasha moto? Unataka kuniibia, we kapande ka panya. Toka!"

Na nani angemlaumu? Pimbi mwenyewe asingeamini kama asingetia mkono.

Jua lilipochomoza tena alikuja na Digidigi na Kobe, wote wamejifunga leso kiunoni. Pimbi akapiga vigelegele. "Hongera, mzee!"

"Hongera ya nini?"

"Mficha mambo wewe! Unayaegemea marobota kila siku, halafu useme hujui? Hebu weka sikio."

Nyati akaweka sikio. Ndani mlilia tik... tik... fuu.

"Weka pua."

Akaweka pua. Joto likamwosha uso mzima.

"Yana nini?" akauliza, na sauti imempungua.

"Yana mimba."

"Yote?"

"Mzee, wewe ni dume."

Nyati akawaza: kila robota lizae robota! Mate yakamdondoka. "Yatazaa lini?"

"Yatazaaje humu? Nyumba yenye mzazi, vifundo vyote hulegezwa. Haya umeyafunga kamba tumboni! Yafunguliwe, yatolewe juani yapumue. Na baba je, hukaa pale akichungulia?"

"Hachungulii," alisema Nyati kwa haya. Hata mbabe ana adabu alizofunzwa kwao.

"Basi nenda nyuma ya kilima, usirudi mpaka usikie vigelegele."

Akaenda. Huku nyuma kamba zikakatika, fyatu, fyatu! Wakazitandaza nyasi, wakazigeuza, wakazigeuza tena. Zilizoota ukungu wakazitupa mbali.

"Tayari?" Nyati aliita kutoka kilimani.

"Bado, mzee! Tulia!"

"Ni dume au jike?"

"Tulia, baba!"

Nyasi zilipolia kachakacha mkononi, wakazifunga upya, kila mmoja akapeleka zake kwake. Pimbi akabakiza kifungu kimoja kidogo, akakifunika leso, akapiga vigelegele.

Nyati akaja mbio. Banda tupu! "Wako wapi?"

"Mwanao huyu hapa. Mama zake wamekwenda kwao. Uzazi wa kwanza, mzee, mwanamke hulelewa kwao. Au wewe ungewapikia uji?"

Hilo la uji lilikuwa kweli. Nyati akakipokea kile kifungu. Kilikuwa kikavu, chepesi, kinanukia vizuri.

"Tumefanana?"

"Mabega hayo hayo."

Kiangazi kikaja. Nyati hakumla mwanawe. Alimfunika asiingiwe na vumbi, akamkinga na jua, na yeye mwenyewe akakonda. Kila asubuhi alipita mwambani kuuliza, "Hawajambo kwao?"

"Hawajambo. Wamekutumia hizi," alijibu Pimbi, akimpa nyasi kutoka akibani mwake.

Kwa nini alimpa? Pimbi alijiuliza sana. Jambo hilo alilinusa, akaligusa, akalitia mkono hadi ndani, asipate jibu. Alichokuta humo ni joto tu.

Funzo ninalo, maana nimeagizwa nisiondoke bila kuliacha. Watoto, msitie mikono kwenye vitu vya watu! Pimbi alitia, mkaona mateso yaliyompata: alishiba kiangazi kizima.

Kisa kimekauka?
— Kimekauka!
Basi kila mtu abebe fungu lake. Hilo dogo msilile, lina baba yake.