Nta Katika Sikio la Mzee Pazi

Nipeni masikio yenu, yote mawili kama mnayo, maana mzee ninayemsimulia alikuwa na moja tu.

Mzee Pazi alikuwa fundi wa kuwamba ngoma. Sikio lake la kushoto lilikufa zamani, kwa miaka aliyokaa upande huo ukielekea vumi, ile ngoma kubwa ya ukoo. Alibakiwa na la kulia, na kwa hilo moja alizitambua ngoma zote za nchi ile. Alikuwa na watoto watatu, na kila mmoja alijaliwa lake. Shomari alijaliwa macho: alimwona sisimizi upande wa pili wa uwanja, akakwambia amebeba nini. Zamda alijaliwa mikono: aliubandua utando wa ndani ya ganda la yai bila kuuchana. Mwanvua, kitinda mimba, alijaliwa mdomo: mlio wowote aliousikia mara moja aliutoa vilevile, uwe wa ngoma ndogo ya chapuo, wa mvua juu ya bati, au wa marehemu mama yao akikohoa.

Siku moja mzee alitoka kuoga mtoni sikio likimvuma. Akamwita Mwanvua.

"Mwanangu, sikio limelegea. Nitie mafuta ya vuguvugu."

Mafuta tu, hakuomba kingine. Lakini Mwanvua alikuwa mtoto wa nyumba ya ngoma. Alijua kwamba ndani ya sikio kuna ngozi iliyowambwa, na watu wenyewe huiita ngoma ya sikio. Sasa, ngoma ikilegea, nyumba ile walifanyaje? Waliyeyusha nta kwa mafuta ya nyonyo, wakaipaka katikati ya ngozi ikiwa bado ya moto, ngozi ikakaza. Basi akayeyusha nta, akachanganya, akamimina. Mzee aliruka, akapiga ukelele mmoja. Mwanvua akaita, "Baba! Baba!" Mzee akabaki kumtazama midomo.

Ndugu zake walikuja mbio. "Umemfanya nini?"

"Nimemtia mafuta aliyoomba," alisema Mwanvua. Na kweli mafuta yalikuwamo. Ila nta hakuitaja.

Fundi wa ngoma asiyesikia afanye kazi gani? Mzee Pazi alikaa wiki mbili bila kugusa ngozi hata moja. Kisha akaweka mkono juu ya vumi, akasema kwa sauti kubwa kama wasemavyo viziwi: "Atakayenirudishia sikio langu, hii ni yake." Msione ni jambo dogo. Mwenye vumi alikuwa mmoja tu katika ukoo, na bila yeye harusi haikuanza wala maiti haikutoka.

Sikio nalo, mkiliona nje mnadhani ni kipande cha nyama cha kutundikia hereni. Lina vyumba vitatu. Cha kwanza ni kijia kinachoingiza sauti. Cha pili kina ile ngoma, na nyuma yake vifupa vitatu vinavyopokezana mtikisiko: nyundo, fuawe na kikuku. Cha tatu kimejiviringa kama konokono, na humo ndimo sauti hupata maana kabla ya kupanda kichwani. Kikifungwa kimoja, vingine viwili vinakaa bure.

Shomari akaanza na kijia. Alikamata jua kwa kipande cha kioo, akalielekeza ndani, akalainisha kwa maji ya uvuguvugu na kutoa uchafu punje kwa punje, siku saba. Punje ya kwanza aliinusa.

"Hii ni nta ya ngoma! Imefikaje humu?"

Mwanvua alifungua mdomo. Zamda akamtangulia: "Ni vidole vya baba mwenyewe! Anatoka kazini anajichokonoa. Mafuta yameisukuma ndani." Wakamwonyesha mzee ile nta na vidole vyake, wakatikisa vichwa. Mzee akaelewa, akaona haya. "Kweli, nina tabia hiyo," alisema, akaificha mikono chini ya shuka. Mwanvua alitoka nje akalia nyuma ya jiko, na aliporudi alisema ni moshi.

Zamda akashika chumba cha pili. Ile ngoma ilikuwa na tundu, na mafuta yenye nta yalikuwa yamevuja yakavigandisha vifupa. Kwa unywele mmoja alivigusagusa hadi vikaachana, kisha akaliziba tundu kwa utando wa yai, akamkataza mzee kupenga kamasi mwezi mzima. Mwezi ulipoisha, mzee akasikia. Lakini alisikia makelele matupu. Jogoo, mlango na mwanadamu vyote vilimlilia sawasawa.

Hapo ikawa zamu ya Mwanvua. Kila asubuhi alikaa mbele ya baba yake. "Hii chapuo, baba. Hii mvua. Hili jina lako." Mara mia, mara mia mbili, hadi koo likamkauka. Siku moja akakohoa kile kikohozi. Mzee akatulia, machozi yakamlenga.

"Huyo mama yenu," alisema. "Mwanangu, Mungu akulipe."

Mwanvua akatamani ardhi ipasuke.

Siku ya kutoa vumi ilipofika, majirani walijaa uwanjani.

"Nisingekuwepo mimi," alisema Shomari, "sauti isingepata hata pa kuingilia."

"Nisingekuwepo mimi," alisema Zamda, "ingeingia ikapotelea njiani."

Mzee alikuwa tayari amemtazama kitinda mimba wake, na mkono wake umeanza kumwelekea. "Nawe, Mwanvua?"

"Nisingekuwepo mimi, baba," alisema Mwanvua, "usingekuwa kiziwi. Nta niliitia mimi. Nilidhani naikaza. Vidole vyako havina kosa, na nilikuacha uvionee haya."

Mzee akaitazama mikono yake, akaigeuza huku na huku.

"Hilo," alisema polepole, "ningefurahi nisilisikie."

"Aliyeharibu akitengeneza, analipa deni lake tu," alisema Shomari. "Atolewe, tubaki wawili."

"Angenyamaza ingekuwa yake sasa hivi," Zamda alimjibu. "Na mimi ndiye niliyemsingizia baba. Nani kati yetu angesema?"

Mzee Pazi aliinuka. Aliikalisha vumi katikati ya watoto wake watatu, akarudi nyuma hatua moja, akageukia watu.

Na watu wenyewe ndio nyinyi. Mmoja alifungua njia, mmoja aliziba ngoma ya sikio, mmoja alirudisha maana, na huyo huyo ndiye aliyeleta maafa yote na kuyasema. Mwanvua ameinamisha kichwa, anangoja. Je, vumi mngempa nani?