Bibi Aaltje na Joka la Mbao

Wahenga walisema, bandu bandu huisha gogo. Maana yake, kazi kubwa haiogopwi kwa ukubwa wake. Ukibandua kipande leo na kipande kesho, gogo lililokuwa likikunyima usingizi utalikuta limebaki vumbi la mbao. Asiyesadiki na asikie habari za Bibi Aaltje wa Hattem, mji mdogo kando ya mto IJssel, aliyetaka kupanda joka.

Joka lenyewe halikuwa na damu wala magamba. Lilikuwa kijitreni katika bustani kubwa ya michezo huko kusini, kinachopanda mlima wa mbao polepole kama konokono, kisha kinajitupa bondeni kama mwewe aliyeona kifaranga. Watu waliliita Joka la Mbao. Jikke, mjukuu wa Bibi Aaltje, alikuwa akiliota tangu siku zile kichwa chake hakijafika kwenye alama ya kimo iliyochorwa mlangoni pa Joka. Sasa alikuwa na miaka saba na kimo kimetimia. Lakini mtoto wa kimo kile hapandi bila mtu mzima ubavuni pake. Mama yake, Marijke, alikuwa mjamzito, na wajawazito hawaruhusiwi. Bibi ndiye aliyemwahidi.

Tatizo lilikuwa miguu ya Bibi. Mwaka uliopita walikwenda bustani hiyohiyo, na kabla ya chakula cha mchana Bibi alikuwa ameketi kwenye benchi, magoti yakimwaka moto, familia nzima imemzunguka kama mgonjwa. Wakarudi nyumbani jua bado kali. Yeye mwenyewe alishangaa. Tangu utotoni alikuwa mtu wa baiskeli: sokoni kwa baiskeli, kanisani kwa baiskeli, hata mazikoni kwa baiskeli, maua kikapuni. Alidhani miguu ya namna hiyo ni chuma. Kumbe alisahau jambo dogo: juu ya baiskeli mtu huwa amekaa!

Jumapili moja majira ya kuchipua, walikuwa wakinywa kahawa kwa Bibi, kila mtu na biskuti yake moja, kopo limeshafunikwa. Harmen, mwanawe, baba yake Jikke, akakohoa kidogo.

"Mama, likizo tutakaporudi kule bustanini kwa siku mbili, nimekukodishia kiti cha magurudumu. Tutakusukuma siku zote mbili. Utakaa kama malkia."

"Kama malkia au kama gunia la viazi?"

"Usikasirike, mama. Na hilo Joka, Jikke nitampandisha mimi. Unajua kila wiki napiga baiskeli mpaka baharini na kurudi. Hebu gusa mguu huu. Chuma!"

"Chuma hushika kutu, mwanangu," Bibi akasema.

"Lakini Bibi aliniahidi," Jikke akanong'ona, macho kwenye kikombe chake.

Bibi alimtazama mtoto. Kuahidi mtoto ni kukopa, na yeye hakuzoea kukaa na deni.

"Hicho kiti kilete," alimwambia Harmen. "Tutaona atakayekikalia."

Kesho yake Bibi Aaltje alifunga baiskeli yake bandani, akavaa viatu vyake vikuukuu vilivyofunguka mdomo kama chura, akatoka kwa miguu. Alifika darajani tu, akarudi anatweta. Siku ya pili akafika darajani tena, ila akapitiliza mpaka kwenye mti wa kwanza ng'ambo. Siku nyingine, mti wa pili. Ndivyo alivyozidi kubandua.

Watu wa Hattem hawakumwelewa. Mtu mzima anayetembea kwa miguu huku ana baiskeli nyumbani, lazima ana msiba.

"Aaltje!" akaita Roelof, jirani yake, toka bustanini. "Baiskeli imeibiwa?"

"Haijaibiwa."

"Pancha?"

"Wala."

"Basi nikuazime ya marehemu mke wangu. Usione haya."

"Roelof, ninatembea kwa sababu ninatembea. Nakwenda kupanda joka."

Roelof akatikisa kichwa. Jioni ile baiskeli ya marehemu ilikuwa imeegemezwa mlangoni pa Bibi, imejazwa upepo, na ua limefungwa kwenye usukani. Bibi alicheka mpaka akafuta machozi. Akairudisha, tena akiikokota kwa miguu.

Hakuishia kutembea. Alikumbuka kwamba katika bustani ile kusimama kwenye foleni kunachosha kuliko kwenda. Akaanza kumenya viazi amesimama, akipokea simu amesimama, akipanda na kushuka tuta la mto huku kondoo wakimtazama kama mwendawazimu. Jikke alipotoka shule walifuatana, na njia waliifupisha kwa vitendawili.

"Kitendawili!"

"Tega!"

"Ndugu wawili wanafukuzana toka asubuhi, hakuna anayemshika mwenzake."

Jikke akawaza, akatazama mawingu, akatazama mto. "Bata?"

"Bata wapi! Nipe mji."

"Haya, chukua mji wa Zwolle."

"Zwolle nimekwenda, nimekula, nimeshiba, nimerudi na masalio. Ndugu hao ni miguu yako, mjukuu wangu. Tazama wanavyokimbizana."

Jikke akainama kutazama viatu vyake mpaka akajigonga kwenye nguzo ya taa, wakacheka wote wawili.

Ukafika wakati wa matembezi ya jioni, yale ambayo kila mwaka wanafunzi hutembea jioni nne mfululizo, wakiimba, huku wakifyonza limau lililochomekwa kijiti cha peremende. Bibi alijiandikisha pamoja na darasa la Jikke. Harmen naye alikuja kusindikiza, lakini juu ya baiskeli, akizunguka msafara na kupiga kengele. "Kaza mwendo, mama! Hata kobe wamekupita!"

Jioni ya tatu mvua ilinyesha kama imefunguliwa bomba. Soksi zilijaa maji, nyimbo zikakoma, na uvungu wa mguu wa kushoto wa Bibi ukaanza kumpwita. Alitamani kukaa ukingoni mwa barabara.

"Bibi, umechoka?"

"Nimechoka."

"Basi tubandue mpaka kwenye ile nyumba yenye mlango mwekundu."

Wakabandua mpaka mlango mwekundu. Kisha mpaka kwenye kinu cha upepo. Kisha mpaka kanisani, na kumbe kanisani ndipo mwisho. Jioni ya nne Roelof alisimama barabarani na fungu la maua, akampa Bibi mbele ya watu, uso umemwiva kama nyanya. Bibi akavishwa medali sawa na watoto, akalala nayo.

Likizo ikawadia. Siku ya kwanza bustanini Harmen aliamka kama jemadari, ramani mkononi, miguuni viatu vipya vyeupe pe.

"Hivyo umeshavivaa kabla?" Bibi akauliza.

"Mama, viatu vya bei hii havihitaji kuzoewa."

"Viatu havihitaji. Ni miguu inayohitaji."

Harmen aliwaburura kutoka mchezo huu mpaka ule, akikataa kukaa, akila mkate huku anakwenda. Kile kiti cha magurudumu kilibeba mikoba na makoti. Bibi alikwenda mwendo wake wa kubandua, akikaa palipo na benchi, akinywa maji kabla ya kiu. Alasiri, walipokaribia Joka, radi ikapiga na Joka likafungwa. Machozi yalimlengalenga Jikke.

"Yafute," Bibi akamwambia. "Kesho nayo ina mchana wake."

Asubuhi ya pili Harmen alitoka kitandani akitembea kama bata. Malengelenge yalikuwa yamemjaa visiginoni, na mapaja yake ya baiskeli yalikakamaa kama kamba iliyoanikwa. Alijikaza kisabuni. Lakini Joka lilikuwa bado linakaguliwa, wakaambiwa warudi baadaye, na kila walipozunguka na kurudi yeye alizidi kupauka. Jua lilikuwa limeshaegemea Joka lilipofunguliwa mwishowe, na foleni ikajikunjakunja mara tano. Harmen akasimama, akapiga hatua moja, ya pili...

"Aaaii!"

Akaketi kwenye kitu cha kwanza alichokipata. Kilikuwa kile kiti cha magurudumu, juu ya makoti.

"Jikke, mwanangu, nisamehe. Siwezi kusimama."

Jikke alimgeukia Bibi, na macho yake yalikuwa makubwa kama visahani.

Miguu ya Bibi ilikuwa inauma, tusidanganyane. Lakini ule uchungu alikuwa anaujua. Walikwisha kuonana ana kwa ana jioni ile ya mvua. Alitoa limau mkobani, akalichomeka peremende, akampa mtoto.

"Unaiona ile taa ya kwanza kwenye foleni? Twende tubandue mpaka pale."

Walibandua taa ya kwanza, ya pili na ya tatu. Vijana waliokuwa mbele yao walichuchumaa kwa uchovu, Bibi akasimama wima akitega.

"Kitendawili!"

"Tega!" wakaitika hata wale vijana.

"Mnyama wangu ana vichwa mia na miguu mia mbili, lakini konokono anamshinda mbio."

"Foleni!" Jikke akapiga kelele, na watu wote wakaangua kicheko.

Wakafika. Chuma cha usalama kikashuka mapajani. Joka likapanda, tak, tak, tak, mpaka miti yote ikawa chini yao na Marijke na Harmen wakawa kama punje mbili za mchele. Jikke alimshika Bibi mkono kwa nguvu.

"Bibi, naogopa!"

"Mimi pia, mjukuu wangu. Piga kelele tu!"

Na Joka likajitupa. Watu walioketi mbali walisema baadaye kwamba kelele za watoto walizisikia kidogo tu, ila palikuwa na bibi mmoja!

Waliposhuka nywele za Bibi zilikuwa zimesimama kama ufagio, naye Jikke alikuwa akirukaruka, "Tena! Bibi, tena!" Wakarudi kwenye foleni, wakapanda mara ya pili.

Jioni, familia iliposhika njia ya kurudi garini, Harmen alikuwa bado kitini, viatu vyeupe amevipakata kama mtoto mchanga. Nyuma yake Bibi Aaltje alisukuma, Jikke akisaidia upande mmoja, akiwa amevaa medali ya Bibi shingoni.

"Malkia wangu," Bibi akamwinamia mwanawe, "umekaa vizuri?"

Harmen akacheka mpaka kiti kikayumba. "Vizuri, mama. Ila kesho kutwa, ukienda darajani, unipitie. Nami nije nianze na ule mti wa kwanza."

"Uje, mwanangu, na hivyo viatu uviache. Bandu bandu huisha gogo."